Gavana Alipokunywa Nyumbani kwa Mama

Wateja wangu wote swali lao ni moja. Wakishakaa kitini, taulo shingoni, kichwa kimejaa povu, ndipo wanaponiuliza: "Ilka, hebu sema kweli, kaka yako ni mtu wa namna gani?" Mimi nimekata na kupaka rangi nywele za watu hapa Pécs tangu usichana wangu. Vichwa nimevishika vingi, cha mwalimu, cha padri, cha mke wa meya. Lakini kichwa cha kaka yangu sijawahi kujua kina nini ndani. Na si kwamba sikujaribu. Mimi ni mdadisi, sikatai, mume wangu husema ningezaliwa mbwa wangeniajiri forodhani.

Basi ni hivi. Kaka yangu ni Keszei Dénes. Alikuwa mchumi, akawa mbunge, akawa waziri wa fedha, akaishia gavana wa benki kuu. Ukisikia mtu anayataja hivyo kwa mfululizo utadhani jamaa alikuwa anapanda ngazi. Ngazi gani! Nusu ya hiyo safari alisukumwa, na nusu nyingine alikuwa anakimbia.

Tangu utotoni kijijini kwetu Kisharang alikuwa na ugonjwa wa kuuliza bei. Si kwamba ananunua. Anauliza tu. Jirani akipita na bata, Dénes huyo mbio getini: bei gani? Na mwaka jana alikuwa bei gani? Na kwa nini? Baba alikuwa amenyang'anywa shamba lake la mizabibu likaingizwa kwenye ushirika, na maswali ya bei yalimchoma, kwa hiyo Dénes alikuwa anapigwa makofi kila siku kama wenzake wanavyopewa mkate. Akaenda Budapest kusomea uchumi, nikadhani sasa atajibiwa yote atulie. Wapi! Waliomwajiri kwenye taasisi ya utafiti walimwambia awaandikie wakubwa wa chama taarifa kuhusu mipango ya taifa, naye akaandika kwamba tarakimu za mipango zimepikwa. Kila mtu alikuwa anajua zimepikwa. Mpaka Mama alikuwa anajua, na Mama kazi yake ilikuwa kukamua ng'ombe wa ushirika. Ila yeye alikwenda akaandika na sahihi akatia.

Wakamtoa kwenye cheo wakampeleka maktaba ya taasisi, kazi yake kupanga majarida ya kigeni ambayo watu wengine walikuwa wamekatazwa kuyasoma. Adhabu gani hiyo, jamani? Ni kama kumfungia paka buchani. Aliyasoma yote. Mambo yalipogeuka nchini na chama kikaporomoka, akawa mtu pekee aliyejua benki za wenzetu zinaendeshwaje, na watu ambao kwa miaka hawakumpa hata salamu kwenye lifti wakaanza kumpigia simu: "Dénes, ndugu yangu, uko wapi siku hizi?"

Hivyo ndivyo alivyoingia bungeni, na hivyo ndivyo alivyopata uwaziri. Uwaziri haukumkalia. Alipandisha bei ya gesi, na kesho yake mtu akaandika matusi kwa rangi kwenye geti la Mama, matusi makubwa, ya kuhusu Mama mwenyewe. Mama akayafuta kwa mafuta ya taa, kimya kimya, halafu akaenda kanisani akakaa kiti cha mbele. Dénes aliposikia alijiuzulu kabla ya majira kugeuka, na tukaambiwa ameteuliwa gavana.

Nilimuuliza, "Kaka, mbona umekubali tena? Si ulisema umechoka na mambo haya?"

"Bungeni nililipwa niongee, Ilka. Benki watanilipa ninyamaze."

"Na kipi kina mshahara mnono?"

"Kunyamaza," akasema, akacheka, na nadhani ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheka vile kwa muda mrefu.

Kwa sababu kunyamaza kwa gavana, kumbe, si sawa na kunyamaza kwetu sisi. Sisi tukinyamaza watu wanasema tumenuna. Yeye akinyamaza watu wanakwenda dukani. Krismasi moja alimletea Mama magunia mawili ya unga kwa sababu Mama alimwomba unga, basi. Unga wa kuoka keki zake za mbegu za popi. Watu wakamwona anashusha magunia kwenye gari. Kufikia jioni hakukuwa na unga dukani Kisharang, wala sukari, wala mafuta, na mwenye duka alikuwa ameuza mpaka chakula cha kuku. Wote waliamini gavana anajua kitu. Mama alikasirika wiki nzima. "Siwezi hata kuletewa unga na mwanangu!" Sasa ikawa kila Dénes akija kijijini wanamsoma: kavaa viatu gani, kala kiasi gani, kapiga chafya upande gani. Na mimi, nawaambia bila aibu, nilikuwa wa kwanza kumsoma.

Hapo ndipo linapoingia suala la Mama. Mapafu yake yalikuwa yameharibika. Nyumba ya kijijini ina jiko moja tu la vigae, la kuni, vyumba vingine vyote barafu, na kila majira ya baridi daktari alikuwa anamwambia lile lile: Mama Rozália, ukibaki humu, mwaka mmoja utatuaga. Nikamtafutia fleti hapa Pécs, ghorofa ya chini, hatua chache kutoka saluni yangu, joto linatoka ukutani lenyewe, maji moto bombani. Mwenye fleti alikuwa mjane aliyehamia Ujerumani kwa mtoto wake, na alitaka alipwe kwa maki za Kijerumani. Forinti, fedha yetu, hakutaka hata kuzinusa. Mama hakuwa na cha kuuza isipokuwa shamba la mizabibu la Baba, lile lililorudishwa mambo yalipogeuka, pamoja na kibanda chake cha kukamulia zabibu. Alilia usiku mmoja. Asubuhi akasema, "Uza."

Mnunuzi akawa Csuti Barnabás. Huyu ni mtu wa buti zinazong'aa hata kwenye matope, anafanya biashara ya mvinyo na Waustria, na mpwa wake ana kibanda cha kubadilisha fedha karibu na stesheni Pécs. Walikubaliana bei na Mama, na hesabu yetu ilikuwa nyepesi: Barnabás atoe forinti Jumamosi, Jumatatu benki zikifunguliwa tubadilishe ziwe maki, tumlipe mjane, Mama ahame kabla theluji haijayeyuka. Bei ilitosha fleti, haikuzidi wala kupungua.

Lakini Barnabás akaleta sharti. Kwetu mkiuza ardhi hamjauza mpaka mmekunywa áldomás, kile kinywaji cha kufunga biashara. Muuzaji anakunywa, mnunuzi anakunywa, mtoto mkubwa wa kiume wa muuzaji anakunywa, halafu wanashikana mikono na mzee mmoja anaitenganisha kwa kuipiga na kiganja. Ukishakunywa, hata kama hakuna karatasi, huwezi kurudi nyuma ukabaki na uso. Barnabás akasema hatoi pesa bila áldomás ya kweli, na Dénes lazima awepo. "Tufanye siku yenu ya kuchinja nguruwe," akasema. "Siku hiyo huwa anakuja." Nikadhani anataka sifa ya kunywa na gavana. Mimi na udadisi wangu wote, hilo nililipita.

Ikafika Jumamosi ile ya Februari. Nguruwe alichinjwa asubuhi na Vince, mchinjaji wetu, mzee mnene mwenye sauti ya kengele. Dénes alifika akiwa anaendesha mwenyewe, akavaa aproni, akanywa palinka, ile pombe kali ya matunda, ya kupasha mwili pamoja na wanaume, kama kila mwaka. Kazi yake kwenye kuchinja ni kuchanganya nyama ya soseji. Anaingiza mikono mpaka viwiko kwenye beseni la nyama na paprika na kitunguu saumu, anakanda mpaka rangi ikolee. Nami huwa naipenda saa hiyo, maana mikono yake ikiwa mle ndani hawezi kunikimbia.

"Kaka, forinti inaendeleaje?"

"Ipo."

"Ipo vipi?"

"Ipo mfukoni. Mikono michafu, siwezi kukuonyesha."

"Wewe naye! Mimi ni dada yako, si mwandishi wa gazeti."

"Mwandishi wa gazeti ana wasomaji wachache kuliko wewe," akasema. Vince akacheka mpaka kisu kikamtetemeka.

Sikukata tamaa. "Unajua leo Mama anamuuzia Barnabás?"

"Najua."

"Tumepata bei nzuri kweli."

"Vizuri."

Nikasubiri. Nilisubiri kabisa, nimeegemea mlango na sahani ya vitunguu mkononi, aniulize bei gani. Akanyoosha kidevu kuelekea mezani. "Nisogezee chumvi."

Nikamsogezea. Niliona ni ajabu, naapa niliona. Lakini nikajiambia amechoka, mvi zimemjaa, labda anaumwa. Alikuwa anakanda ile nyama kama anataka kuiua mara ya pili. Mama alikuwa jikoni anageuza vipande vya mafuta ya nguruwe kwenye sufuria, mgongo wake kwetu, na alikuwa anasikia kila kitu. Alikohoa, akafuta mdomo, akaendelea kugeuza.

Barnabás alikuja mchana, supu ikiwa mezani. Akambusu Mama mkono, akaweka begi la pesa chini ya kiti, akakaa mkabala na Dénes. Si pembeni yake, mkabala. Na hakumwondolea macho.

"Bwana Gavana, mimi mtu mdogo, naomba ushauri. Ungekuwa mimi, pesa zako ungeziweka wapi?"

"Kwenye soksi, Barnabás. Ila uzifue kwanza."

Meza nzima ikaangua kicheko. Barnabás naye akacheka, macho yake hayakucheka. "Na soksi yenyewe iwe ya Kijerumani au ya kwetu?"

"Inayokutosha mguu."

"Ala! Huyu mtu huwezi kumshika mahali!" akasema Vince, akajiongezea supu.

Walikula supu, wakala kabichi iliyoviringwa nyama, wakala soseji mpya iliyotoka kwenye mafuta. Dénes alikula vizuri, sahani baada ya sahani, pilipili kali pembeni, na nikaona Barnabás anayafuata yale matonge mpaka yanamezwa. Halafu Mama akasimama, akaleta chupa ya palinka ya plamu aliyoitengeneza Baba mwenyewe, ya mwisho iliyobaki. Watu wakanyamaza. Huwa tunanyamaza kwenye áldomás.

Barnabás akanywa wa kwanza, akageuza glasi juu chini kuonyesha imekwisha. Ikaja zamu ya Dénes, maana Mama alisema yeye mwenye mali atamaliza. Dénes akainua glasi. Ikafika kidevuni, ikasimama.

Haikusimama sana. Ila pale mezani ilikuwa kama mtu amezima redio. Barnabás aliacha kutafuna. Mkono wa Dénes ulikuwa hautetemeki hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha, ulikuwa umekufa pale hewani, na macho yake yalikuwa kwa Mama. Sijawahi kuona mtu mzima anamtazama mama yake vile. Kama anaomba ruhusa ya kitu, au anaomba apigwe.

"Jamani, msimlazimishe," Mama akasema, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeomba apitishiwe mkate. "Ana vidonda vya tumbo. Daktari amemkataza, naye anaona aibu kusema mbele za watu."

Vidonda vya tumbo? Mtu aliyekula pilipili kali tangu saa sita? Nikafungua mdomo niseme, Mama, mbona asubuhi kanywa na wanaume? Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Si kunigusa. Alinikanyaga kwa kisigino, kwa uzito wake wote, na machozi yakanitoka.

"Kunywa, mwanangu," akamwambia Dénes. "Moja haitakuua. Na mimi nakunywa."

Mama akachukua glasi yake akainywa kabla ya Dénes, yote, akakohoa mpaka uso ukawa mwekundu. Dénes akanywa. Barnabás akatoa pumzi kubwa, akacheka, akampa Mama mkono, na Vince akaitenganisha ile mikono kwa kiganja chake chenye mafuta ya nguruwe. Shamba la Baba likawa la Barnabás.

Dénes aliondoka mapema. Alimkumbatia Mama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida yetu, sisi si watu wa kukumbatiana. Mimi nilibaki na mguu unaoniuma na swali moja: kwa nini Mama, ambaye hata padri humwambia ukweli usoni, amedanganya watu wote kuhusu tumbo la mwanawe? Nikamuuliza tukiosha vyombo. "Osha vyombo," akasema.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimemwekea mke wa meya rangi kichwani redio ilipotangaza. Serikali na benki kuu zimeshusha thamani ya forinti, kuanzia leo. Wakataja kiwango. Sikumbuki niliiosha vipi ile rangi, najua tu kwamba alitoka saluni akiwa na rangi ya karoti na hajarudi tena. Mimi nilikuwa kwenye simu. Kwanza kwa yule mjane Ujerumani: maki zake ni zile zile, hapunguzi. Forinti za Mama zilikuwa zimepungukiwa na kiasi cha jiko na bafu. Halafu nikapiga Budapest.

"Bwana Gavana yuko kikaoni," akasema katibu wake.

"Mwambie dada yake anasema yeye ni nguruwe."

"Nimuandikie hivyo hivyo, mama?"

"Hivyo hivyo!"

Nikapanda basi kwenda Kisharang, nalia na kutukana peke yangu, watu wananitazama. Nilimkuta Mama jikoni anamenya viazi, redio imezimwa. Kabla sijavua koti, mlango ukagongwa kama unataka kuvunjwa. Barnabás. Kofia hana, buti zimejaa matope.

"Mama Rozália! Mwanao ameniua!"

"Naona bado unatembea," Mama akasema.

"Nilikuwa na maki! Mpwa wangu alikuwa na maki! Jumamosi jioni nikampigia, nikamwambia uza zote, chukua forinti, hakuna kitakachotokea, nimemwona kwa macho yangu anamwacha mama yake mzazi achukue forinti! Nikawapigia na wenzangu! Sasa wote wananitafuta! Mtu gani huyo? Niambie! Mtu gani anamtoa mama yake mwenyewe ili anidanganye mimi?"

"Alikudanganya nini? Alikuambia neno gani?"

"Hakuniambia neno! Nilimtazama!"

"Basi kagombane na macho yako."

Ndipo akili ikanijia kwamba huyu bwana hakuja kwetu kufunga biashara tu. Alikuja kumpima gavana kwa mama yake. Kama Dénes angeiweka ile glasi mezani, kama Mama angesema ngoja tufikirie mpaka wiki ijayo, Barnabás angekuwa kwenye simu kabla ini la nguruwe halijapoa, na Jumatatu benki za nchi nzima zingekuta foleni ya watu wanaotaka maki. Barnabás alikwenda zake anapiga kelele barabarani, na alipiga kelele mwezi mzima, baa zote, kila mtu akasikia jinsi gavana alivyomwacha mama yake apate hasara. Magazeti yalipoanza kuuliza ni nani katika familia za wakubwa aliyejua mapema, yakamkuta Barnabás. Hakuna wakili ambaye angemtetea Dénes vizuri kuliko yule mtu aliyekuwa anamlaani. Akabaki kwenye kiti chake mpaka muda wake ulipoisha.

Lakini siku ile sikuwa nafikiria magazeti. Nilikuwa namwangalia Mama.

"Ulijua," nikamwambia.

Akaendelea kumenya.

"Mama! Alikuambia?"

"Aniambie nini? Mtoto huyu aliuliza bei ya jeneza la baba yake, kanisani, padri anasoma. Nikamfinya mpaka akatoka damu. Leo nauza shamba la baba yake, wewe unamwambia tumepata bei nzuri, yeye anaomba chumvi." Akatumbukiza kiazi majini. "Nikajua hapo hapo, niko na sufuria."

"Na ukanywa!"

"Barnabás alikuwa ananitazama."

"Na mapafu yako? Na fleti? Mimi nimekimbia huku na huko mwaka mzima kwa ajili ya ile fleti! Wewe unanikanyaga mguu!"

"Mdomo wako ulikuwa umeshafunguka, Ilka. Ningefanya nini?"

Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Dénes, na nilimpenda kuliko siku yoyote, na vyote viwili nilimwambia kwa kelele. Akaniambia nikimaliza nilete kuni.

Dénes alikuja Jumapili. Fleti ilikuwa imeshapata mtu mwingine, na Mama alikuwa kitandani, baridi ya wiki ile ilimwingia kifuani. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno. Wiki nzima nilikuwa nayasema mbele ya kioo cha saluni, maneno makali, yamepangika. Aliingia bila kofia, hakunisalimia, akaenda moja kwa moja kupiga magoti mbele ya jiko la vigae, akaanza kuwasha moto. Mikono ya gavana, hajui tena kupanga kuni. Moshi ukajaa chumbani.

"Fungua kwanza mdomo wa chini," Mama akamwambia kutoka kitandani.

Akafungua. Moto ukashika. Akabaki amepiga magoti vile vile, mgongo kwetu.

"Nilijua tangu Alhamisi," akasema. "Nisingekuja wangesema kwa nini mwaka huu hakuja. Ningekuambia usiuze, ningekuwa nimewaibia watu wote wasio na mtoto benki. Nikasema nitakula, nitaondoka, nitapata njia ya kukulipa. Halafu ukaleta chupa ya Baba. Nitaziba pengo, Mama. Nitatafuta fleti nyingine. Kesho."

"Kesho hapana. Wakiniona nahamia mjini mwezi huu, watasema mchezo ulipangwa, nawe umeisha. Mwakani, nikiwepo."

*Nikiwepo.* Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama anavyosema mvua ikinyesha.

Dénes akageuka. Nilidhani ninamjua mtu huyu anapotaka kuuliza jambo, yale macho ya utotoni ya getini, lakini safari hii aliogopa jibu. "Mama. Ningeiweka ile glasi mezani, ingekuwaje?"

Mama alifikiri. Hakumharakishia jibu, wala hakumdanganya, uongo wake alikuwa ameshautumia wote Jumamosi.

"Ningefurahi," akasema. "Mungu wangu, ningefurahi sana. Ningesema, mwanangu ananipenda kuliko kazi yake. Ningehamia kwenye joto, nikaoga maji moto kila siku." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Na kila ukija kunitembelea mle ndani, nisingejua nikutazame vipi."

Kaka yangu, aliyeshinda uchaguzi, aliyetukanwa na bunge zima akabaki ananywa maji yake polepole, aliweka paji la uso wake kwenye vigae vya jiko, vilivyokuwa bado baridi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama alimtazama tu, macho yake hayakumwacha hata kidogo. Nilikuwa na yale maneno yangu yote mdomoni. Nikachukua ndoo ya majivu nikatoka nayo uani, nikakaa huko kwenye theluji muda mrefu, ingawa ndoo yenyewe ilikuwa tupu.